Lenzi ya milimita 35 kwa picha za kijijini

Tangu niinunue lenzi hii, ile kubwa ya kuvuta (zoom) inalala kabatini. Hii ni ndogo, haitishi watu. Mzee aliyekuwa akichonga mpini wa jembe aliitazama mara moja tu, akaendelea na kazi yake. Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja. Nilifungua tundu la lenzi hadi f/2, upana unaoingiza mwanga mwingi, nikapata mikunjo ya vidole na unga wa mti uliogandia kucha, bila kuwasha flashi.

Kwenye majengo inataka subira. Ukiinua kamera kidogo, kuta zinaegemeana kama walevi (kosa langu, si la lenzi), kwa hiyo narudi nyuma hadi kwenye miiba. Kinachoniudhi ni pete ya fokasi, ile ya kuzungusha ili picha iwe kali: nyepesi mno, inageuka yenyewe begani.