Unga wa kisukari wa kopo la kijani: "Dada, si ulitaka ishuke?"

Jamani naandika hasira zikiwa bado za moto maana lile neno halinitoki kichwani. "Dada, si ulitaka sukari ishuke? Si imeshuka." Ndo alivyonijibu muuzaji wa duka la miti shamba Kariakoo, kijana kavaa koti jeupe kama daktari, hata macho hajanyanyua kwenye simu, na mimi natoka kulala hospitali na mama.

Mama ana kisukari miaka mingi, anameza metfomini na glibenklamidi. Kipindi kile sukari ilikuwa juu, inagoma 14, 15 kwenye mashine, nikaelekezwa huo unga, vijiko viwili kwenye uji asubuhi na jioni. Nikamuuliza yule kijana mle kuna nini, akasema mlonge na mizizi, mingine ni siri ya dawa. Vidonge je? Aendelee navyo tu, vya asili havina madhara. Na niseme ukweli, wiki ya kwanza ilishuka mpaka 8, mama akawa anaimba jikoni, mimi mwenyewe nikarusha picha ya kopo kwenye grupu la familia.

Sasa usiku mmoja, wiki ya pili au ya tatu sikumbuki, namkuta mama kaloa jasho kama kamwagiwa ndoo, anatetemeka, ananiita jina la marehemu dada yake. Kupima, 2.4, sukari imeshuka kupita kiasi. Nikampaka asali kwenye fizi huku nalia, tukakimbia na bajaji, wakamtundikia dripu ya glukosi, sukari inapanda inashuka tena, mpaka kesho yake jioni ndo wakaturuhusu.

Daktari hakutugombeza. Nilijiandaa kutukanwa, yeye akaliomba kopo akalinusa, akasema miti siyo adui, dawa mseto ya malaria imetokana na mmea wa Kichina, yule mama Tu Youyou akapewa Nobel 2015 kwa hiyo kazi. Ila kwenye mseto tunajua kila kidonge kina kiasi gani, kwenye kijiko cha huu unga hatujui. Glibenklamidi peke yake inaweza kuiporomosha sukari, sasa umeiongezea kitu usichokijua juu yake, na akasema zipo dawa za "asili" zimewahi kukutwa zimechanganywa na vidonge vya kisasa kimya kimya.

Ndo nikarudi dukani. Sikudai hela, nilitaka aniambie kilichomo ili daktari ajue. Kopo halina orodha, halina namba ya usajili, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lipo, sheria yake ni ya 2002, siyo jambo la jana. Akanijibu hivyo.

Msinunue. Yaani mlonge wenyewe siulaumu, bibi yangu katulea na mwarobaini na mimi bado natumia. Na wakibandika kilichomo na kipimo, pengine ningenunua tena maana ile 8 niliiona kwa macho yangu... hapana, kwa yule kijana sinunui hata tangawizi.

Kinachonikosesha usingizi ni mama mdogo. Aliona ile picha yangu kwenye grupu akanunua makopo mawili, na yeye yuko kwenye vidonge vilevile. Nimempigia mara tatu. Anasema yake inamkubali, haachi.