Hitori Musuko: filamu ya Ozu ya 1936 iliyonigusa kuliko zote

Kila anayeniuliza aanze wapi kumjua mwongozaji Yasujirō Ozu, namtajia Hitori Musuko (yaani “Mwana wa Pekee”). Ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza yenye sauti, ingawa Japani ilikuwa na filamu za sauti tangu 1931.

Tsune ni mjane anayefanya kazi katika kiwanda cha hariri huko Shinshū, eneo la mashambani mbali na Tokyo. Anajinyima ili mwanawe Ryōsuke asome. Miaka inapita, anafunga safari hadi Tokyo akitarajia kumkuta bwana mkubwa. Anamkuta mwalimu wa shule ya usiku, mwenye mke na mtoto mchanga ambao mama hakuwahi kuambiwa habari zao.

Ninachokipenda ni kwamba Ryōsuke si mtoto mtovu wa shukrani. Anakopa fedha kwa walimu wenzake ili amtembeze mama yake. Hata yule mwalimu wa zamani aliyemhimiza Tsune amsomeshe mwanawe (ni Chishū Ryū, akiwa bado kijana) naye alikuja Tokyo na ndoto zake, sasa anakaanga nyama ya nguruwe mgahawani. Baada ya kumwona huyo, sikuweza tena kumlaumu Ryōsuke peke yake.

Kisha unafika ule usiku. Mama anamkemea mwanawe kwa kukata tamaa mapema, na mkwe anasikia yote, analia. Hapo Ozu anatuonyesha pembe ya chumba, haina mtu, na kamera inabaki hapo hapo kwa muda mrefu. Waongozaji wengi wangetusogezea uso wa mama, wakapandisha na muziki. Ozu anatupa muda wa kubaki na maneno yaliyokwisha kusemwa. Nilirudia sehemu hiyo kabla ya kuendelea.

Kamera yake iko chini, karibu usawa wa mtu aliyeketi mkekani, kwa hiyo unajiona umo ndani ya nyumba yao. Chōko Iida, anayeigiza kama mama, hahitaji kupaza sauti. Mabega yake yanasema vya kutosha, hasa katika dakika za mwisho, ambazo sitazisimulia.

Filamu haifiki saa moja na nusu. Sauti imechakaa na inakwaruza, basi tafuta nakala iliyosafishwa, yenye tafsiri inayosomeka vizuri, na uitazame pasipo kelele.