Miche nyota tano, mkasi wao nyota moja

Nilinunua miche ya viungo vya jikoni hapa mwezi wa kumi na moja, nasari ya miche kando ya barabara upande wa Free Area hapa Nakuru, jina niachie. Besili tatu na minti moja bob 50 kila mche, rosemari mbili bob 100 kila moja. Mizizi ilikuwa imejaa vizuri na hakuna hata mmoja ulionifia, na hiyo tumepita na jua la Januari na Februari, lile la vumbi mpaka nguo kwa kamba zinageuka rangi. Mama wa pale pia ni mkweli. Nilitaka kuweka minti na rosemari kwa ndoo moja akakataa kabisa, akaniambia "huyu minti anataka maji kila siku, yule rosemari ukimpa maji kila siku unamzika".

Sasa shida ni ile huduma yao ya kukuja kwako kupruni, yaani kukata matawi. Mwisho wa Februari besili ilikuwa imetoa maua na majani yamebaki madogo machungu, nikapiga simu wakanitumia kijana, 300 pamoja na boda. Besili aliifanya poa sana, anakata shina juu kidogo tu ya pale majani mawili yametokea, na kweli wiki mbili baadaye kila shina lilikuwa limegawanyika mara mbili na hiyo harufu sasa, wacha tu. Vile vipande vyenye havikuwa na maua nikavitia kwa glasi ya maji, vikatoa mizizi, nimegawia jirani.

Halafu akageukia rosemari na mkasi ule wa kukata fensi ya kayaba, akashuka nayo mpaka kwa mti wenyewe, ile sehemu ya kahawia haina jani. Nikamuuliza "kaka, hapo si umeshuka sana?" akasema itachipuka mvua ikikuja. Mvua imekuja, tuko katikati ya Aprili, na upande huo ni kuni tu za kuwashia jiko. Rosemari inakatwa pale bado iko na majani, hata theluthi inatosha, ukiingia kwa mti mkavu hairudi.

Mama nilimwambia, akanipa mche mwingine bure bila maneno mengi. Kwa hivyo miche nunueni, lakini mkasi shikeni wenyewe. Na dania msinunue ikiwa mche, haipendi kuhamishwa, itakimbilia maua tu. Nunua mbegu umwage hapo hapo itakapokaa.