Uzoefu wangu na Academic Phrasebank: inaunganisha sehemu, sentensi utaziunganisha mwenyewe

Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester ni tovuti ya misemo iliyo tayari kutumika ninayoifungua kila ninapoandika au kuhariri kazi ya kitaaluma ya Kiingereza, na naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeibakiza kwa sababu wengi huiendea wakitarajia kwamba itashikamanisha maandishi yao yote, kumbe nguvu yake iko kwenye kuhama kutoka hoja hadi hoja. Ndani ya aya, sentensi na sentensi hushikanishwa zaidi na viwakilishi, yaani "this", "it", "they", "such" na wenzao. Hivyo havinakiliki kutoka popote, maana kila kimoja kinaitegemea nomino iliyotangulia katika kazi yako wewe.

Tovuti yenyewe ni ya bure na iliandaliwa na John Morley. Misemo ya mwanzo ilivunwa kwenye tasnifu 100 za wanafunzi wa shahada za juu wa chuo hicho, kisha ikaongezwa mingine kutoka makala za kitaaluma za fani mbalimbali. Kwa hiyo unachosoma pale ni Kiingereza ambacho watu wamekwisha kukitumia kwa kazi halisi. Imepangwa kwa njia mbili. Ya kwanza inafuata sehemu za kazi: utangulizi, kurejelea vyanzo, mbinu, matokeo, mjadala, hitimisho. Ya pili inafuata jambo unalotaka kulifanya kwa lugha: kulinganisha, kueleza sababu, kutoa mifano, kusema kwa tahadhari, kuonyesha mpito. Anayetafuta viunganishi aanze na ukurasa wa "Signalling Transition", halafu aende "Compare and Contrast" na "Explaining Causality". Kuchukua misemo hiyo si wizi wa kitaaluma, kwa kuwa haina maudhui. Hoja ya kuijaza unaileta wewe.

Inang'ara kwenye maungio makubwa. Umemaliza kujadili nadharia, unaingia kwenye ushahidi: "Turning now to the evidence on..." inamtosha msomaji kujua kwamba mada imegeuka. Umeandika kurasa kadhaa na unataka kumkumbusha mlipofika: "So far this chapter has focused on..." na sentensi inayofuata inataja kinachokuja. Kipimo changu ni alama moja ya aina hiyo kila mwanzo wa sehemu yenye kichwa chake, na nyingine moja mwishoni ikiwa sehemu ni ndefu. Zikiwekwa kila aya, msomaji anatangaziwa safari muda wote na safari yenyewe haianzi.

Viunganishi vidogo vinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tovuti inakupa msemo sahihi lakini haisimami kando yako kukuzuia usiuambatanishe na sarufi ya Kiswahili. Sisi tunasema "ingawa sampuli ilikuwa ndogo, lakini matokeo yalilingana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakikubali: "Although the sample was small, but the results were consistent" ni kosa, chagua "although" au "but", si vyote viwili. Vivyo hivyo "kwa kuwa... ndiyo maana..." huzaa "Because the sample was small, that is why...", na hapo "that is why" inafutwa yote. "Despite" nayo haifuatwi na sentensi kamili. Andika "Despite the small sample" au "Although the sample was small".

"However" ndiyo inayoongoza kwa makosa ya alama. "The sample was small, however, the results were consistent" ni sentensi mbili zilizogandishwa kwa koma. "However" haina nguvu ya kuunganisha sentensi mbili kama "but" inavyofanya, inahitaji nukta au nukta mkato kabla yake, na koma baada yake: "The sample was small; however, the results were consistent." Sheria hiyohiyo inazihusu "therefore", "moreover" na "nevertheless".

Halafu kuna maana. "On the contrary" hukanusha kilichosemwa, kwa hiyo kabla yake lazima kuwe na dai linalokataliwa. Ukilinganisha vitu viwili vinavyotofautiana tu, unachotaka ni "in contrast". "Moreover" huongeza uzito kwenye hoja ileile. Ikiwa sentensi inayofuata ni jambo jipya, "moreover" inamdanganya msomaji. "Therefore" inadai kwamba kilichotangulia kinatosha kulithibitisha linalofuata, na mtahini makini atalipima dai hilo. Jaribio rahisi: funika kiunganishi kwa kidole, soma sentensi mbili. Uhusiano ukionekana wenyewe, kiache kiende. Usipoonekana hata kidogo, kiunganishi hakitauumba. Kuna sentensi ya hoja inayokosekana katikati, na hiyo ndiyo ya kuandikwa.

Wanaojiandaa na IELTS, mtihani wa kupima Kiingereza, walizingatie hili kwa namna ya pekee. Katika sehemu ya kuandika, mtiririko na mshikamano ni kigezo kimoja kati ya vinne vyenye uzito sawa, na maelezo ya madaraja ya kati yanataja wazi matumizi ya viunganishi yaliyozidi au ya kimashine kama dosari. Daraja la juu kabisa linataka mshikamano usiojivutia macho. Insha ambayo kila sentensi inaanza kwa "Firstly", "Furthermore", "In addition" inajishusha yenyewe.

Sasa viwakilishi, ambako naona ndiko kazi kubwa ilipo. Msemaji wa Kiswahili anaingia kwenye Kiingereza akiwa amezoea raha ya ngeli. Tukisema "kihisi kilitenganishwa na mfumo kwa sababu kilikuwa na hitilafu", "ki" inamaliza mjadala: kibovu ni kihisi. Tungesema "ulikuwa na hitilafu", mbovu ungekuwa mfumo. Kiingereza kina "it" moja kwa vyote: "The sensor was disconnected from the system because it was faulty." Kichwani mwako upatanisho upo, kwa hiyo sentensi inaonekana safi, kwenye ukurasa haupo. Dawa ni kurudia nomino bila aibu: "because the sensor was faulty". Walimu wengi wametuogopesha kurudia maneno. Katika maandishi ya kitaaluma, kurudia istilahi ileile ni ubora, na kubadilishabadilisha "participants", "respondents" na "subjects" kwa watu walewale humfanya msomaji afikiri kuna makundi matatu.

"They" ina mtego uleule: "The researchers interviewed the teachers after they had read the report." Nani alisoma ripoti? Na kwa kuwa "yeye" yetu haina jinsia, "he" na "she" hupishana ovyo katika kazi za wasemaji wa Kiswahili, hasa wanapomrejelea mwandishi wa chanzo. Tumia jina lake la ukoo, au "the author". Kwa mtu ambaye jinsia yake haijulikani au haihusiki, mwongozo wa uandishi wa APA (chama cha wanasaikolojia cha Marekani), toleo la 7 la mwaka 2019, umeipokea "they" ya umoja, basi itumie bila wasiwasi ikiwa idara yako inafuata APA.

"This" inastahili nafasi yake. Chukua sentensi hizi: "The dosage was reduced and the symptoms returned within a week. This was unexpected." Ni kupunguza dozi, au kurudi kwa dalili? Ongeza nomino moja: "This relapse was unexpected." Nomino hiyo inafanya kazi mbili kwa mpigo. Inafunga rejeleo, na inaonyesha msimamo wako juu ya ulichokitaja. Mwandishi mwingine amesema jambo. Wewe sentensi inayofuata unaanza "This finding", "This claim" au "This assumption". Ya kwanza inalikubali kama matokeo, ya pili inaliweka mezani, ya tatu inalitilia shaka, na hujaandika hata kivumishi kimoja. Nomino za kuwa nazo karibu ni "approach", "trend", "process", "distinction", "problem", "view", "increase", "decline". Ukikosa nomino inayofaa, aghalabu sentensi iliyotangulia imebeba mambo mawili na inapaswa kugawanywa.

Kwa kupima kama nomino uliyochagua inatumika kweli katika fani yako, naoanisha Phrasebank na MICUSP ya Chuo Kikuu cha Michigan. Hii ni kopasi, yaani mkusanyo wa maandishi halisi ya kuchunguzia lugha, ya bure yenye kazi 829 za wanafunzi zilizopata alama A, katika fani 16, jumla ya maneno yapatayo milioni 2.6. Andika "this approach" au "this suggests" kwenye kitafutio, chagua fani, usome sentensi zinazotokea pamoja na zile zilizotangulia. Mpaka wake ujulikane: ni kazi za wanafunzi, na ni Kiingereza cha chuo cha Marekani. Anayeandika kwa ajili ya jarida asome pia makala tatu au nne za jarida lenyewe kwa jicho hilohilo.

Ukaguzi wenyewe naufanya kwenye Word, rasimu ikishakamilika, kamwe si katikati ya kuandika. Bonyeza Ctrl+H, nenda kwenye kichupo cha "Find", fungua "More", weka alama kwenye "Find whole words only". Ukisahau hatua hiyo, "it" itakuletea kila "with" na "critical". Andika "this", bonyeza "Reading Highlight" kisha "Highlight All", na kila "this" inapata rangi. Pita moja moja: ikifuatwa na nomino, endelea, ikifuatwa na kitenzi, tafuta nomino yake. Kisha "these", halafu "it" na "its", "they", "them" na "their", mwisho "which" inayotanguliwa na koma. Kwa kila kiwakilishi jiulize maswali mawili: je, nomino yake naweza kuigusa kwa kidole katika sentensi hii au ile iliyo kabla yake, na je, kuna nomino nyingine ya idadi ileile inayoigombea nafasi? Jibu la kwanza likiwa hapana, au la pili ndiyo, weka nomino. "It" ya "It is clear that" hairejelei chochote. Iache, au bora zaidi ufute msemo mzima. Na mwanzoni mwa aya mpya usianze na "This" tupu hata kama nomino iko mstari mmoja juu, kwa sababu msomaji anapovuka aya huwa ameiachilia.

"The former" na "the latter" zitumike kwa vitu viwili tu vilivyotajwa karibu. Vikiwa vitatu, vitaje kwa majina. "Such" hutaka "a" mbele ya umoja unaohesabika: "such a method", lakini "such methods".

Kwa anayeanza, ningeshauri aifungue Phrasebank baada ya ukaguzi huo na si kabla. Viwakilishi vikishakaa sawa, viunganishi vingi ulivyodhani unavihitaji vinakuwa havina kazi, na vinavyobaki unajua hasa unachokitafuta: tofauti, sababu, mfano au mgeuko wa mada. Unakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa husika, unachagua msemo mmoja, unausoma kwa sauti pamoja na sentensi ya kabla na ya baada, kisha unafunga tovuti.