Betri ya kamera ya nyota inayopoozwa: uliza volti kwanza, mAh baadaye

Mwezi wa saba mwaka jana nilipoteza usiku mzima wa anga safi kwa sababu ya betri na mpaka leo inaniuma. Tulikuwa Kiwangwa shambani kwa bamdogo, katikati ya mananasi, mwezi haupo, Njia ya Maziwa iko juu ya kichwa, kamera yangu ZWO ASI533MC Pro nimeiwekea sensa nyuzi -5 (ikipoa, chenga kwenye picha zinapungua), picha zinaingia moja moja mi najua mambo safi. Kumbe kuanzia saa tano sensa ilishaanza kupanda, -5, -1, 4, nakuja kuchungulia laptopu nakuta 9, kipoozeo kinasoma asilimia 100 na picha bado zinaingia! Kwa kamera hii umeme wa volti 12 ni wa kupooza tu, kupiga picha inatumia umeme wa USB, kwa hiyo betri ikichoka hakuna kinachozima wala kulia. Unakusanya chenga mpaka asubuhi, na zile picha za giza (zinazopigwa lenzi imefunikwa, za kuondolea chenga) ulizopiga kwenye -5 hazisaidii kitu.

Betri yenyewe haikuwa imeisha. Ndo maana nimekaa kuandika.

Wengi wetu tukienda dukani tunauliza mAh (milliampea-saa, yaani ujazo wa betri) ngapi, inakaa masaa mangapi. Swali la kwanza liwe volti zinazofika kwenye kamera wakati kila kitu kinafanya kazi. Kamera inataka kati ya 11 na 15. Betri za lithiamu zenye seli tatu zikijaa zinasoma 12.6 lakini zikifika nusu ziko kama 11.1, hapo hujahesabu waya. Waya mwembamba wa 0.5mm² wenye urefu wa mita mbili, umeme ukienda na kurudi kwa ampea 5, unakula zaidi ya nusu volti, sasa 11.1 toa nusu imebaki nini? Chukua mita ya kupimia volti, washa maunti (mguu unaozungusha darubini kufuata nyota), washa hita ya kuzuia umande kwenye lenzi, kipoozeo weka mwisho, halafu pima kule kwenye plagi ya kamera, siyo kwenye betri. Yangu betrini ilisoma 11.3, kwenye plagi 10.6.

Haya, ningenunua hivi.

Ya kwanza Bluetti EB3A, na sifichi, hii naipenda. Wh 268 (wati-saa, yaani volti mara ampea-saa), seli za LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti), na ina matundu mawili ya duara ya 5.5mm ya volti 12, unachomeka kamera moja kwa moja bila ile plagi ya sigara ya gari ambayo ukiigusa kidogo tu inaachia. Kamera, maunti, kompyuta ndogo na hita kwangu zinakula kama wati 40, nikianza saa mbili usiku nafika saba na nusu. Volti nimepima mwanzo na mwisho, hazichezi. Kilo zake ni 4.6, inabebeka.

Ya pili betri tupu ya LiFePO4 ya 12.8V 20Ah yenye BMS (saketi ya kulinda betri) ndani, Wh 256. Inashikilia volti karibu mpaka mwisho kisha inakata ghafla, hilo lijue mapema. Weka fyuzi karibu na betri na waya wa 2.5mm². Kama unajua kushika koleo hii ndo ya pesa yako.

Ya tatu Celestron PowerTank Lithium Pro, nzuri kwa wanaosafiri na ndege sababu iko chini ya Wh 160, ila shirika la ndege lazima likubali kwanza. Usiku mzima haikutoshi.

Betri ya gari au ya UPS, inawasha. Usiishushe chini ya nusu, na uzito wake jiandae.

Sasa wauzaji. Yangu niliinunua Kariakoo, kaka ananiambia dada hii ni 20,000mAh original, nikalipa. Hizo mAh zimehesabiwa kwa seli moja ya volti 3.7, ukizidisha unapata Wh 74, yaani kwenye volti 12 ni kama ampea saa 6 tu! Kurudisha, akasema mbona inawaka. Kwingine nikatajiwa bei kwa dola, mwaka 2025 kanuni zimeshakataza, mtu anakuangalia machoni anakutajia dola. Kwa hiyo dai Wh ziandikwe kwenye risiti, na beba mita yako na balbu ya gari ya wati 55, mwambie aiwashe hapo hapo mezani dakika kumi huku unasoma volti. Ikishuka chini ya 12 muachie betri yake. Akikataa kuwasha balbu, muachie pia.