Mafunzo ya mchoro wa mfupa wa samaki, Dodoma: lipia siku ya pili

Kwa wenye haraka: yanafaa, ila sehemu inayofaa ndiyo ile wengi wanayoiruka. Mchoro huu ni chombo kutoka Japani cha kutafuta chanzo cha tatizo kazini, na mafunzo yake yanatolewa na mshauri elekezi mmoja mwenye ofisi hapa mjini. Siku ya kwanza mnakaa ukumbini pamoja na watu wa taasisi nyingine, siku ya pili anakuja kwenu kazini. Kiwanda kilinilipia laki mbili na nusu ya ukumbini, na ziara ya siku ya pili ina bei yake kando. Ukichukua ya ukumbini peke yake utatoka na cheti, daftari na chai ya saa nne. Najua ofisi zilizofanya hivyo, na ndizo zinazosema mambo ya Wajapani hayakuwasaidia kitu.

Mimi nasimamia ubora kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti upande wa Kizota. Tuna ekspela mbili, yaani mashine za kukamua, chujio la kubana lenye vitambaa, matangi mawili, na sehemu ya kujaza ambayo kusema kweli ni meza, bomba na vijana wawili. Mbegu tunanunua Kongwa, Chamwino na Singida. Tatizo letu lilikuwa moja na lilirudi kila mwaka: ikifika Juni na Julai, mafuta yanafanya ukungu kwenye chupa, yaani yanapoteza mng'ao. Yanatoka hapa yameng'aa, unaweza kusoma lebo ya upande wa pili. Wiki haijaisha, mwenye duka wa Majengo anapiga simu: "Dada, mafuta yenu yana maji." Mwingine anakwenda mbali zaidi, anasema tumechanganya na mawese. Kwa biashara ya alizeti hilo ni tusi kubwa, kwa sababu mteja analipa zaidi akijua anapata alizeti tupu.

Na kila mwaka kila mtu alikuwa na sababu yake. Mhasibu anasema tumenunua mbegu mbichi. Fundi anasema vitambaa vimechoka. Mzee, ndiye mwenye kiwanda, anasema vijana hawakaushi chupa. Mwenye sauti kubwa msimu huo ndiye anayeshinda, tunanunua kitu, kisha Agosti joto linaanza kurudi, ukungu unapotea, na yule aliyeshinda anajisifu hadi Juni nyingine.

Sasa chombo chenyewe. Unachora mstari katikati ya karatasi, huo ni uti wa mgongo. Kulia unaweka kichwa, ndani yake unaandika tatizo. Kisha mifupa mikubwa inatoka juu na chini, na viwandani kwa kawaida huwa sita: watu, mashine, malighafi, njia ya kazi, vipimo na mazingira. Kwenye kila mfupa unaning'iniza sababu, na kwenye sababu unaning'iniza sababu ya hiyo sababu. Aliyeueneza ni Kaoru Ishikawa, Mjapani aliyesomea kemia na kufundisha Chuo Kikuu cha Tokyo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1943 aliutumia kuwaeleza wahandisi wa kiwanda cha chuma cha Kawasaki jinsi mambo mengi yanavyochangia tokeo moja. Alikufa 1989, na hadi leo mchoro huo uko kwenye orodha ya vyombo saba vya msingi vya ubora, pamoja na karatasi ya kuhesabia, ambayo unatia alama kila tatizo linapotokea, na mchoro wa Pareto, unaopanga sababu kuanzia kubwa kwenda ndogo.

Kwa Dodoma hili si geni kabisa. Mradi wa Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo kwa mtindo wa Kijapani, wa Wizara ya Viwanda na Biashara, uliosaidiwa na JICA, shirika la ushirikiano la Japani, ulianza 2013 na mkoa wetu ulikuwamo tangu mwanzo. Pale ukumbini nilikaa na muuguzi ambaye hospitalini kwao wana bango la Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia, zile hatua tano za kupanga mahali pa kazi. Alikuwa ananisahihisha hata mimi.

Niseme kizuri cha siku ya kwanza, maana kipo. Mwezeshaji alitumia asubuhi nzima kwenye kichwa cha samaki peke yake. Wengine walianza kunong'ona kwamba anavuta muda. Mimi naona hapo ndipo alipoonyesha kwamba anaijua kazi. Ndugu mmoja wa ofisi ya serikali aliandika kichwani "Uzembe wa watumishi". Mwezeshaji akamuuliza, "Hicho umekiona, au umeshahukumu?" Walikwenda hivyo kama robo saa, mpaka kichwa kikawa "Barua inayoingia Jumatatu haijajibiwa mpaka Ijumaa." Ukiangalia hizo sentensi mbili, ya kwanza inatafuta wa kufukuzwa. Ya pili unaweza kuifuata mezani kwa masijala ukaona barua inalala wapi.

Changu nilikuja nacho kimeandikwa: mafuta ya chupa ya lita moja yanafanya ukungu ndani ya wiki moja baada ya kujazwa, Juni na Julai. Akakisoma, akauliza neno moja: "Yote?" Nikampigia mtunza stoo nikiwa nje ya ukumbi. Akaniambia hapana, kuna katoni zinabaki safi, ila hajui zipi. Jibu hilo tu lilinifanya nione kwamba hela ya kiwanda haijapotea.

Baada ya chakula cha mchana mambo yakalegea. Slaidi zake ni za Kiingereza na mifano ni ya viwanda vya magari. Mtu wa zabibu aliyetoka Hombolo aliuliza mara mbili mfupa wa "vipimo" kwake ni upi, akajibiwa kwa mfano wa breki. Vikundi vilipangwa kwa taasisi, kwa hiyo kila bosi alishika makapeni na kila aliye chini yake akawa anaitikia. Kundi la jirani yetu mfupa wa watu ulijaa mpaka ukakosa nafasi, mfupa wa njia ya kazi ulikuwa mtupu. Mwezeshaji alipita, akaona, akanyamaza. Alipaswa kusimama pale. Zile "kwa nini" tano, yaani kuuliza kwa nini tena na tena kwa kila jibu, ambazo ndizo zinazoshusha mchoro kutoka juu juu kwenda ndani, alizipa dakika za mwisho, watu wakiwa tayari wanaulizana kuhusu posho.

Siku ya pili mwezeshaji yule yule anakuwa kama mtu mwingine. Alifika kiwandani saa mbili asubuhi, ekspela zikiwa zimewaka, akakataa ofisi. Akabandika karatasi ya kaki kwenye ukuta wa stoo, karibu na magunia ya mashudu, na akaomba waje wote: wanaopepeta mbegu, opereta, vijana wa kujaza, dereva wa kirikuu anayepeleka mzigo, na Mzee. Akatoa masharti mawili. Kalamu anashika kijana wa kujaza, na mwenye mali anazungumza mwisho. Mzee alicheka kwa mdomo tu, lakini alikaa kwenye gunia na akavumilia.

Mfupa wa watu ulijaa kwanza, kama ukumbini. Safari hii hakupita. Aligusa karatasi iliyosema "vijana wanajaza mafuta ya moto" na kuuliza kwa nini wanafanya hivyo. Kwa sababu yanachujwa yakiwa ya moto. Kwa nini hayasubiriwi? Kwa sababu yakisubiri hayana pa kukaa. Matangi mawili hayatoshi? Tangi la pili halitumiki. Kwa nini? Vali yake inavuja tangu mwaka juzi, ndoo ikijaa chini inamwagika sakafuni, kwa hiyo tumeliacha. Kile kilichoandikwa kama uvivu wa vijana kikahamishwa mbele ya macho yetu kwenda mfupa wa mashine. Yule kijana mwenye kalamu alikichora upya kwa herufi kubwa kuliko zote.

Kisha mama mmoja anayefanya kazi ya kupepeta, ambaye sijawahi kumsikia kikaoni, akasema mafuta ya Jumamosi hayafanyi ukungu. Alijuaje? Hununua ya kwake siku ya Jumatatu na yake hayajawahi kuganda. Jumamosi tunakamua mpaka mchana, mafuta yanalala tangini, na Jumatatu asubuhi yanachujwa yakiwa baridi. Siku nyingine zote yanatoka kwenye ekspela, yanapita chujioni, yanaingia kwenye chupa siku hiyo hiyo.

Nieleze kwa nini hilo lina uzito, kwa faida ya wakamuaji wenzangu. Mbegu ya alizeti ina nta, na nyingi iko kwenye ganda. Sisi wadogo hatubangui, tunakamua na maganda yake, kwa hiyo nta inaingia kwenye mafuta. Mafuta yakiwa ya moto nta imeyeyuka, inapita kwenye kitambaa hata kikiwa kipya kabisa. Usiku wa Dodoma wa mwezi wa saba ukifika, nta inaganda ndani ya chupa na kutanda kama vumbi jeupe. Novemba hakuna baridi hiyo, kwa hiyo mafuta yale yale, yenye nta ile ile, yanaonekana hayana kasoro. Viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta huyapoza kwa makusudi na kuichuja nta ikiwa imeganda. Ukiyaacha yatulie na kupoa kabla ya kuchuja, unafanya sehemu ya kazi hiyo bila mtambo.

Hapa nampa mwezeshaji alama zote. Mimi nilishasimama kwenda kumwita fundi wa vali. Akanikalisha. Akasema alichozungushia duara ni mtuhumiwa, hajatiwa hatiani. Tukafanya majaribio matatu ya bei ya bure. Tulichukua chupa iliyorudishwa na duka, tukaiweka kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Ikang'aa, tukaitoa, ilipopoa ukungu ukarudi. Tukamwaga kijiko kimoja kwenye kikaango cha moto. Hayakutatarika, na mafuta yenye maji hutatarika. Halafu tukajaza chupa mbili, moja ya mafuta yaliyochujwa moto, nyingine ya yale yaliyolala, zikalala kwenye friji ya ofisi. Asubuhi, ile chupa ya kwanza ilikuwa kama maji ya ubuyu. Ya pili ilikuwa safi, na kaukungu chembamba chini ukiinamisha.

Vali ilibadilishwa wiki hiyo. Sasa mafuta yanalala siku mbili, opereta anapima joto kabla ya kufungua chujio na kuandika kwenye daftari lililofungwa kwa kamba pale pale tangini. Mzee bado analalamika kwamba hela yake inalala kwenye bati, na ana haki, kwa sababu msimu wa kununua mbegu kila shilingi inahitajika sokoni. Lakini msimu huu mwenye duka wa Majengo hajapiga simu. Wengine wachache wamepiga, hasa baridi ilipokaza, maana kulaza mafuta tangini si sawa na kuyapoza kwa mtambo.

Na msije mkadhani mbegu mbichi ni uzushi wa mhasibu. Unyevu unaharibu mafuta kweli, yanachacha na kunuka mapema. Ni kichwa cha samaki mwingine, na tutamchora siku yake.

Kuhusu mchoro wenyewe nina manung'uniko mawili. Kwanza, karatasi ikijaa inakupa raha ya mtu aliyemaliza kazi, na mifupa yote inaonekana sawa, hakuna inayokuambia ipi inachangia sana na ipi inachangia kidogo. Hapo unahitaji kuhesabu, na mwezeshaji aligusia karatasi ya kuhesabia kwa haraka mno. Pili, ana zoezi la kila mtu kubandika vidoti vitatu kwenye sababu anazoamini. Kwetu vitambaa viliongoza kwa mbali, kwa sababu fundi ana marafiki wengi. Sioni maana ya kupigia kura kitu ambacho kikaango kinaweza kukijibu.

Huduma baada ya mafunzo ni ya wastani. WhatsApp anajibu, tena vizuri. Ripoti ilichelewa na ilikuja kwa Kiingereza. Nikaomba ya Kiswahili ili niisome na opereta, ikaja fupi nusu yake. Ziara ya ufuatiliaji iliyoahidiwa imekuwa simu moja.

Nampa nyota nne kwa siku ya pili, mbili na nusu kwa ya kwanza. Ukimpigia, mwambie unataka ziara, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ripoti iwe ya Kiswahili na kwamba wafanyakazi wa chini watakuwepo wote kwa malipo yao ya siku. Mwite mashine zikiwa zinafanya kazi na tatizo likiwa linaonekana. Kwa sisi wa alizeti ni kuanzia Juni. Mkamuaji mwenzangu wa Nkuhungu alimwita Februari, hana mbegu hata gunia moja, na sasa ana mchoro mzuri ukutani wenye majibu ya kukumbuka kumbuka.