Seti ya API ya kupimia maji ya tangi la samaki: je, inatufaa sisi wa Kampala?

Karibuni, ndugu zangu wafugaji wa samaki wa mapambo. Leo mezani nina vitu viwili. Huku kushoto ni seti ya kupimia maji kwa matone ya kampuni ya API, ile inayoandikwa API Freshwater Master Test Kit. Kulia ni kikopo cha karatasi za kupimia, zile za kuchovya kwenye maji na kusoma rangi. Wengi mnaoanza huniuliza mnunue kipi, na wengine mnauliza kama kuna haja ya kununua chochote, maadamu maji yanaonekana safi.

Nalijibu hilo la pili kwanza, maana ndilo linalomaliza samaki majumbani. Amonia haina rangi. Nitriti nayo haina rangi. Tangi linaweza kung'aa mpaka ukaona ukuta wa nyuma, na samaki humo ndani wako juu wanatweta. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua usiku na mchana, na chakula kilichobaki kikioza kinaongeza nyingine. Tangi likishakomaa, bakteria waliojishika kwenye sponji na changarawe huigeuza amonia kuwa nitriti, halafu wenzao huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Kwenye tangi jipya bakteria hao bado ni wachache. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka, na katika kipindi hicho macho hayakusaidii. Ni lazima upime.

Sasa hizi karatasi. Zina uzuri wake: unachovya, unasubiri kidogo, umemaliza. Kampuni ya Tetra ina karatasi za vipimo sita ambazo mojawapo ni klorini, na kwetu hicho ni kipimo cha maana, kwa kuwa maji ya bomba ya National Water yanayovutwa ziwani kule Ggaba hutiwa klorini kabla ya kutufikia. Ukitaka kujua kama jerikeni lako liko tayari kumiminwa kwenye tangi, karatasi hiyo inakuambia papo hapo. Lakini tazameni lebo ya hizi za API za vipimo vitano: pH (kipimo cha asidi ya maji), nitriti, nitrati, na aina mbili za ugumu wa maji. Amonia haipo! Mwenye tangi la wiki mbili akitumia karatasi hizi peke yake, kile kinachoweza kuua samaki wake wote hakioni.

Kwa hiyo tufungue seti ya matone. Ndani kuna mirija minne ya kioo yenye alama ya mililita 5, chupa za dawa, na kadi ya rangi. Inapima pH ya chini, pH ya juu, amonia, nitriti na nitrati, na kampuni inasema unapata vipimo kama 800. Bei yake inauma, sikatai. Ila gawanyeni hiyo bei kwa idadi ya vipimo muone kila kimoja kinawagharimu nini.

Twende na amonia. Suuza mrija kwa maji ya tangi lenyewe, jaza mpaka kwenye alama. Matone manane ya chupa ya kwanza, manane ya chupa ya pili. Chupa ishikwe wima kabisa, kichwa chini, ili matone yalingane. Funga kwa kifuniko chake. Usizibe kwa kidole, dawa hizi ni kali kwa ngozi, na nawaomba ziwekwe mbali na watoto. Tikisa, subiri dakika tano. Njano ni sifuri, na kadiri inavyokwenda kijani ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya.

Hapa ndipo watu wengi hulalamika kwamba seti haisemi kweli. Tofauti ya sifuri na 0.25 ni ndogo, na chini ya taa ya njano kila kitu kinaonekana kina ukijani. Sogea dirishani, weka mrija juu ya sehemu nyeupe ya kadi, usome kwa mwanga wa mchana. Bado una shaka? Pima maji ya kunywa ya chupa kwa dawa hizo hizo, kisha weka mirija miwili sambamba. Rangi zikifanana, tangi lako halina amonia.

Nitriti haina taabu: matone matano, dakika tano, samawati ni salama, zambarau ni hatari. Nitrati ndiyo inayohitaji uvumilivu. Ile chupa ya pili, dawa yake hutuama chini. Maelekezo yanataka uitikise kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha, halafu uutikise mrija dakika nzima, ndipo usubiri tano. Fupisha hapo uone: utapata jibu la chini kuliko ukweli, na utaridhika na maji machafu.

Hili tangi la nyuma yangu leo limetoa amonia sifuri, nitriti sifuri, nitrati kati ya 20 na 40, na pH 6.4. Anayesoma namba moja moja atasema nitrati imepanda kidogo, tubadilishe maji basi. Mimi jicho langu liko kwenye hiyo pH. Maji yalipoingia yalikuwa juu zaidi ya hapo. Yameshuka kwa nini?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni jambo linalotuhusu sana sisi tunaotumia maji ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria. Maji haya ni laini, madini yanayozuia pH isiyumbe ni machache, na wafugaji huyaita KH. Bakteria wanapoigeuza amonia huzalisha asidi, na asidi hiyo hula KH kila siku. KH ikiisha, pH inaporomoka. Wanaokinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati wako karibu zaidi na hatari hii, maana maji ya mvua karibu hayana KH kabisa.

pH ikifika karibu na 6, bakteria hupunguza kazi na amonia huanza kujikusanya. Samaki wanaweza kuvumilia, kwa sababu kwenye maji yenye asidi karibu amonia yote huwa katika umbo lisilo kali. Kwenye nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu yenye sumu kali ni kama nusu asilimia tu ya ile unayoipima. Kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, yaani mara kumi. Sasa mwenye tangi anaona maji yamechakaa, anamwaga nusu nzima na kuweka mapya ya bomba. pH inaruka, amonia iliyokuwa imelala inakuwa sumu, na kufikia jioni samaki wamekufa. Lawama zote zinaiangukia klorini. Tangi lililozeeka hivi libadilishwe kidogo kidogo, asilimia 10 au 15 kila siku, huku ukipima.

Na hapo ndipo ninapoipunguzia seti hii maksi. Haina kipimo cha KH. API wanakiuza peke yake, pamoja na kile cha GH, yaani ugumu wa jumla wa maji, na kutumia hicho cha KH ni rahisi: unahesabu matone mpaka samawati iwe njano, kila tone ni digrii moja. Tena kipimo cha pH ya chini kinaishia 6.0, kwa hiyo ukiona njano kamili, jueni pH inaweza kuwa chini zaidi ya hapo. KH ikiwa imeisha, robo kijiko cha chai cha bekingi soda kwa lita 50 huipandisha kama digrii moja. Ikoroge kwanza kwenye maji pembeni, na usizidishe kiasi hicho kwa siku.

Wenzangu mnaofuga furu wetu wa Nyanza, wale Waganda wanaowaita nkejje, nawasisitizia zaidi. Aina nyingi za samaki hao zilitoweka ziwani baada ya sangara kuongezeka miaka ya 1980, na zipo ambazo leo ziko salama kwenye matangi tu. Samaki wa namna hiyo hafugwi kwa kukisia.

Na umeme ukikatika saa nyingi, filta ikasimama, pima amonia na nitriti siku hiyo na kesho yake. Bakteria wanahitaji hewa kama samaki. Wakati wa kuosha sponji tumia maji ya tangi, ya bomba hapana.

Uamuzi wangu: kwa tangi jipya, nunua seti ya matone. Hela ikiwa haitoshi, tafuta chupa za amonia na nitriti peke yake, uongeze KH baadaye. Karatasi ziwe msaidizi wa ukaguzi wa haraka kwa mwenye tangi lililokomaa. Ila kabla hujalipa, geuza kila chupa usome namba ya toleo: tarakimu nne za mwisho ni mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Seti hizi hukaa sana madukani, nyingine zikipigwa na jua la dirishani. Iliyozidi miaka mitatu mimi naiacha hapo hapo kaunta.